Kulia, Mbele: Jinsi Nambari ya Trela Inavyosakwa Pwani ya Kilifi

Gari lina njia mbili za kujitambulisha: injini ina nambari yake na chasisi ina yake. Trela haina injini. Ondoa magurudumu, breki, ekseli na taa, vitu ambavyo fundi yeyote hubadilisha bila kuandikia mtu barua, na kinachobaki ni vyuma vichache vilivyoungwa kwa weldi. Mahali fulani kwenye vyuma hivyo pamegongwa herufi na tarakimu. Hizo ndizo trela yenyewe mbele ya sheria, na zikipotea mwenyewe anabaki na chuma chakavu kinachobiringika.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, haiichukulii trela kuwa mkia wa gari linaloivuta. Trela husajiliwa peke yake, hupewa logibuku yake, na kibao chake huanza na Z: ZA, ZB, ZC na kuendelea, kama trekta zinavyoanza na KT na pikipiki na KM. Lori la kontena linalopita mizani ya Mariakani, ambayo iko ndani ya Kaunti ya Kilifi ingawa watu huihesabu kuwa ya Mombasa, lina usajili mara mbili: wa kichwa na wa trela. Hata kile kitrela kinachotoa mashua ya uvuvi Watamu kuipeleka kwa mafundi wa Kilifi kinatakiwa kiwe na Z yake. Wengi hili la pili hawalijui, au wanajifanya hawalijui, mpaka siku ya kuuza.

Siku hiyo ndipo msako huanza. Mnunuzi anataka kuiona nambari kwa macho yake, bima wanaitaka kwenye fomu, na mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, anataka ifanane na iliyo kwenye rekodi. Mwenye trela anaizunguka mara mbili, haoni kitu, anaita kijana mwenye grainda. Hapo ndipo trela nyingi hupoteza nambari ambayo kutu yenyewe ilikuwa imeiacha.

Kabla ya chombo chochote kugusa chuma, ulizia kwanza trela imetengenezwa nchi gani, kwa sababu jibu hilo pekee linapunguza eneo la kutafuta kwa zaidi ya nusu. Watengenezaji wa Ulaya hugonga nambari kwenye chasisi yenyewe upande wa kulia, nusu ya mbele inapowezekana, kwa herufi zisizopungua milimita 7 kwenda juu. Kulia hapa ni kulia kwa mtu aliyesimama nyuma ya trela akitazama gari linaloivuta. Kwetu huo ni upande wa dereva, upande wa katikati ya barabara, jambo ambalo anayekagua trela pembeni mwa barabara ya Malindi anapaswa kulikumbuka kabla ya kuinama.

Marekani ni kinyume. Kanuni zao hutaka lebo ya mtengenezaji iwe upande wa kushoto, nusu ya mbele, na isomeke kutoka nje bila kusogeza kifaa chochote. Pia haziwalazimishi kugonga nambari kwenye chuma. Lebo iliyobandikwa vizuri inatosha. Wengi hugonga hata hivyo, lakini si wote. Kwa hiyo trela ya mashua iliyotoka Florida na kukaa miaka kumi juani Malindi inaweza kuwa na karatasi iliyopauka tu mahali ambapo ya Ulaya ingekuwa na chuma kilichochimbika. Ukikuta mstatili mweupe wa gundi upande wa kushoto wa mkono wa kuvutia, usiubandue. Upige picha kwanza, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Wino hufifia kabla ya alama ya mashine iliyouchapa.

Uingereza ina kichekesho chake. Trela ndogo kule hazisajiliwi kabisa. Hubeba kibao cha gari linalozivuta. Nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa Oktoba 2012, wakati vibali vya aina vilipofanywa vya lazima kwa trela mpya nyepesi, hazikuwahi kuwa na nambari ya herufi 17. Zilikuwa na tarakimu tano au sita za kiwanda, basi. Mtu wa Kilifi anayenunua trela ya namna hiyo na kutafuta herufi 17 atatafuta mpaka chuma kiishe.

Malindi wako Waitaliano, na trela zao zimekuja nao. Nambari za Italia za mfumo wa herufi 17 huanza na Z. Kibao cha usajili cha trela ya Kenya nacho huanza na Z. Unaona mwenyewe jinsi karani aliyechoka anavyoweza kukuta Z kwenye chuma na Z kwenye kibao akadhani anasoma kitu kimoja. Tofauti ni urefu tu: kibao ni kifupi, nambari ya chasisi ina herufi 17 kamili. Herufi ya kwanza hutaja eneo la dunia au nchi: Z ya Italia, W ya Ujerumani, J ya Japani, na Waingereza wako kwenye S. Nambari inayoanza na 1, 4 au 5 ni ya Marekani, kwa hiyo rudi upande wa kushoto.

Kisha ziko zetu. Lori zinazobeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni, na zile za kontena za Mazeras, nyingi huvuta trela zilizoundwa Afrika Mashariki, na makampuni kama Bhachu hapa Kenya au Superdoll wa Dar es Salaam. Kwenye trela ndefu ya namna hii, anzia ile pini ya chini inayokalia kiti cha kichwa cha lori, kisha fuata boriti kubwa ya upande wa kulia, uso wake wa nje, mpaka kwenye miguu ya kusimamia. Nambari mara nyingi iko katikati ya vituo hivyo viwili. Adui hapo ni rangi. Trela ikibadilisha mmiliki hubadilisha rangi, na kila mpigaji hupuliza juu ya kilichokuwepo. Dawa ya kutoa rangi na kipande cha mbao kilichochongwa huimaliza kazi hiyo bila kugusa chuma, ila inataka subira ya kungoja dawa ifanye kazi.

Trela za mashua ndizo zenye kisa kirefu zaidi, maana huingizwa baharini kwa makusudi. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye mwambao huu hupita mita 3, na watu hungoja maji makuu ili washushe mashua bila kuburura trela kwenye matope. Inaingia kinyumenyume: taa za nyuma, kisha magurudumu, kisha ekseli. Mkono wa mbele hubaki karibu na gari, nchi kavu au maji ya vifundoni. Wale waliotaka nambari iwekwe mbele hawakuwa wakifikiria mlango wa bahari wa Kilifi, lakini wametufaa: mbele ndiko kunakooza mwisho.

Trela nzuri ya mashua huchovywa zinki ya moto baada ya kuungwa. Kwenye chuma chenye unene wa milimita 3 hadi 6, kiwango cha kimataifa hutaka wastani wa tabaka la mikroni 70, ambayo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Nambari iliyogongwa kabla ya kuchovywa haizibwi na tabaka hilo. Inafanywa butu tu, kingo zake zikawa mviringo. Mtu anayetafuta kingo kali anaipita bila kuiona. Chumvi ikishaanza kuila zinki hutokea unga mweupe unaokaa ndani ya michirizo, na kwa bahati nzuri unga huo huionyesha nambari kuliko kuificha, mradi usiusugue haraka.

Kibati cha alumini cha mtengenezaji, chenye nambari hiyohiyo, kina hatima nyingine. Kikiwa kimefungwa kwa ribiti juu ya chuma kilichochovywa, zinki hujitoa mhanga kwa ajili ya vyote viwili. Zinki ikiisha, zamu ni ya alumini: ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa ili chuma kipone. Vichwa vya ribiti huanza, kisha pembe za kibati, kisha siku moja kibati kizima kinadondoka kwenye mchanga wa Watamu na hakuna anayejua ni lini. Ndiyo maana mimi simhurumii sana anayeniambia trela yake "haina nambari" kwa kuwa kibati kimetoka. Ukiacha baadhi ya zile za Marekani, kibati ni nakala. Asili iko kwenye chuma, na matundu mawili au manne ya ribiti yaliyobaki ni ishara kuwa uko jirani nayo.

Niliitazama kazi hii ikifanywa upande wa Mnarani, kusi ikivuma na mashua nyingi zikiwa nchi kavu. Trela ilikuwa ya Ulaya, mkono wake umegeuka kijivu chenye madoa ya kahawia. Mzee mwenyewe, nahodha wa zamani, alikuwa tayari ameshika brashi ya waya.

"Babu, iweke hiyo kwanza," kijana fundi akamwambia. "Hiyo yala zinki."

"Mwanangu, kutu yote hii utaitoa kwa maneno?"

"Kwa maji, babu. Maji ya mfereji."

Na ni maji kweli. Chumvi huyeyuka, na nusu ya kinachoonekana kuwa kutu kwenye trela ya mashua ni mchanganyiko wa chumvi, vumbi na grisi iliyoganda. Kijana alimwaga ndoo, akasugua kwa brashi ya plastiki ya kufulia, akapangusa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaacha jua likaushe. Hakutumia ndimu wala siki. Asidi hizo hulainisha kutu kwenye chuma kitupu, lakini juu ya zinki hula zinki kwanza. Palipobaki kahawia alipita na brashi laini ya shaba, akielekea upande mmoja tu.

Baada ya hapo alifunika mkono wa trela kwa turubai, akaingiza kichwa chini yake pamoja na tochi. Tochi haikuangalia chuma. Aliilaza juu yake, mwanga ukiteleza sambamba na uso. Jua la saa saba likimulika kutoka juu hulifuta kila bonde. Mwanga wa ubavuni huipa kila bonde kivuli. Herufi tatu zikajitokeza, kisha doa, kisha nne nyingine. Akapaka chaki, akapangusa kwa kiganja kikavu, nyeupe ikabaki ndani ya michirizo.

Hatua ya mwisho ndiyo wakaguzi huiita kunyanyua nambari. Unasaga ncha ya penseli laini, unapaka unga wake juu ya mahali pakavu, unabandika selotepu, unaikandamiza kwa kucha, unaibandua na kuibandika juu ya karatasi nyeupe. Unga hukamatwa na uso wa juu, si mabonde, kama tulivyokuwa tukichapa sarafu ya shilingi darasani mwalimu akitoka, kwa hiyo herufi hutoka nyeupe ndani ya weusi. Kwa nambari za kisasa zinazochomwa kwa vitone badala ya kugongwa kwa muhuri, njia hii hushinda jicho kabisa, kwa maana kila kitone huacha tundu lake. Kijana alinyanyua mara kadhaa, kila mara kwa selotepu mpya, kisha akazilinganisha, kwa kuwa doa la kutu hubadilika kadiri unga unavyoshuka, ila herufi haibadiliki.

Kusoma nako kuna kanuni. Mfumo wa herufi 17 hautumii I, O wala Q, hivyo duara lolote lililofungwa ni sifuri na mstari uliosimama ni 1. Zinazosumbua kikweli ni 5 na S, 8 na B, 0 na D. Hapo trela ya Marekani ina faida isiyokuwepo kwa ya Ulaya: herufi ya 9 ni ya kuhakiki. Kila herufi ina thamani yake, kila nafasi ina uzito wake, tatu za kwanza zikiwa 8, 7, 6. Zidisha, jumlisha, gawanya kwa 11, na kinachobaki lazima kilingane na nafasi ya 9. Kikibaki 10 huandikwa X.

Faida yake ni kwamba tarakimu moja iliyoliwa na kutu inaweza kuhesabiwa. Tuseme ya mwisho haisomeki, na uzito wa nafasi hiyo ni 2. Nyingine zote zimetoa jumla ya 302, na nafasi ya 9 imeandikwa 4. Gawanya 302 kwa 11, inabaki 5. Tunatafuta tarakimu ambayo ikizidishwa kwa 2 na kuongezwa hapo italeta baki la 4. Ni 5 peke yake: 302 na 10 ni 312, na 312 kwa 11 inabaki 4. Jaribu nyingine yoyote kuanzia 0 hadi 9, hakuna inayokubali. Zikiwa mbili zimeliwa, hesabu haisaidii tena. Kwa nambari za Ulaya usijaribu, maana nafasi ya 9 kule si lazima iwe ya kuhakiki, na ukiilazimisha itakupa jibu la uongo lenye sura ya ukweli.

Uongo mwingine hutoka kwenye trela yenyewe, ambayo imejaa nambari zisizo zake. Kikombe cha mbele kinachokalia mpira wa gari kina alama ya e ndani ya fremu ikifuatwa na tarakimu: e1 ni kibali cha Ujerumani, e3 cha Italia, e11 cha Uingereza. Hicho ni kibali cha kikombe, na vikombe elfu nyingi vina kibali hichohicho. Ekseli ya AL-KO, Knott au BPW ina kibati chake chenye nambari ndefu inayovutia. Ni ya ekseli, na ekseli hubadilishwa. Winchi ina yake. Tairi likionyesha 2319 linasema lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019, na sitashangaa kama iko logibuku mahali fulani nchini humu iliyobeba mojawapo ya hizi. Kuna jaribio rahisi: je, kifaa hiki kikifunguliwa kwa spana, nambari inaondoka nacho? Ikiondoka, si ya trela.

Trela za mashambani ziko kwenye kundi lao. Zile zinazovutwa na trekta kwenye mkonge wa Vipingo na zile za kuzolea mawe ya matumbawe zimeungwa na mafundi wa hapa, nyingine kwa ekseli ya lori lililokufa. Kwa hizi, kulia na mbele si sheria. Nambari, kama ipo, mara nyingi ni fupi, imegongwa kwa nyundo na mihuri ya herufi moja moja, mistari ikipanda na kushuka. Tafuta palipo sawa na palipofikika fundi alipokuwa amesimama: ubavu wa mkono wa kuvutia, uso wa boriti ya mbele, wakati mwingine bamba dogo lililoungwa kwa weldi. Kupindapinda huko kwenye trela ya jua kali si dalili ya wizi.

Kwenye trela ya kiwandani ni dalili. Herufi za kiwanda hukaa mstari mmoja kwa nafasi sawa. Ukiona moja imezama zaidi ya jirani yake, au uso unaozizunguka una mng'aro wa msasa wakati mahali pengine ni zinki ya kijivu, au kuna mshono wa weldi unaouzunguka mstatili mzima wa nambari, simamisha biashara. Mtu ameichezea nambari, au ameitoa ya trela nyingine akaipandikiza hapo.

Hata iliyofutwa kwa grainda haijafa kabisa. Muhuri ukigonga chuma huzibana punje zake chini zaidi ya kina kinachoonekana, na chuma kilichobanwa huliwa na asidi kwa kasi tofauti na kilichotulia. Kemikali inayotumika kwa chuma ni ya kloridi ya shaba na asidi ya hidrokloriki, mchanganyiko unaojulikana kwa jina la Fry, Mjerumani aliyeutangaza 1921. Unapakwa kwa pamba, na herufi hujitokeza taratibu kama kivuli, wakati mwingine kwa dakika chache tu kabla ya kufifia, kwa hiyo kamera hukaa tayari. Kwa alumini dawa ni nyingine. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na nawaomba mafundi wasiijaribu: ushahidi ukishachomwa vibaya hauchomwi tena.

Trela ya Mnarani ilitoa herufi zote 17. Mzee akatoa logibuku kwenye mfuko wa plastiki, wakalinganisha moja moja kwa sauti. Kwenye nafasi ya 13 chuma kilisema 0, karatasi ikasema O.

Mzee akauliza kama mihuri ya herufi inapatikana mjini. Wengi huwaza vivyo hivyo, na ndilo jambo baya kuliko yote wanayoweza kufanya, kwa sababu chuma kilichokuwa sahihi kitageuka kuwa ushahidi dhidi yao. Kwa mfumo wa herufi 17, O haiwezi kuwepo, kwa hiyo kosa ni la aliyeandika na linaonekana bila shahidi. Kijana alipiga picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha mkono mzima pamoja na kikombe, akapaka grisi nyepesi juu ya nambari badala ya rangi. Selotepu zile akazibandika kwenye karatasi, akaandika tarehe. Kinachofuata ni trela kuvutwa hadi kwa mkaguzi, nambari inyanyuliwe tena mbele yake, na ombi la kusahihisha rekodi lipelekwe NTSA ili itolewe logibuku mpya yenye sifuri.